Mkono Begani mwa Bawabu

Nkunga, Rungwe
14 Machi 1993

Ndugu yangu Ackson,

Ugonile, nkamu, nakusalimu ndugu kwa lugha ya nyumbani. Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi Anyelwisye, yule yule, ila sasa meno ya mbele sina na miwani yangu imefungwa kwa uzi. Anwani yako nimepewa na Fred, mwenye lori la maharage. Siku hizi kila mwenye lori ni mfanyabiashara na wanafika hadi huko ambako sisi tulidhani ni mwisho wa dunia. Fred alinisimulia kwamba Mpanda kuna mzee wa Kinyakyusa anatengeneza baiskeli karibu na stesheni, hacheki na mtu, na akigonga chuma anagonga mara tatu, anapumzika, anagonga tena mara tatu. Nikamwambia, Fred, huyo ni Ackson. Miaka kumi na moja uliipiga kengele ya kanisa letu hivyo hivyo. Nani mwingine anaweza kuwa?

Sikuandikii kwa sababu ya salamu tu, ingawa miaka ishirini na saba bila salamu ni mingi. Nina jambo, na nimelibeba tangu Jumamosi kama mtu aliyemeza mfupa.

Unamkumbuka Jaffari wa Kiwira, mwenye duka la vitenge? Amenunua deki na televisheni, akaweka mabenchi kwenye stoo yake, sasa anaonyesha video kila siku ya soko. Vijana wanajaa kutazama Wachina wakirukiana mateke. Mimi siendi, nina heshima zangu. Lakini juzi nilikwenda kununua chumvi, Jaffari akaniita: “Mwinjilisti, njoo uone, leo kuna ya kwenu ya dini.” Daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao alimuuzia kasha zima la kaseti, na ndani yake ilikuwamo ile. Sinema ya padri wa baiskeli.

Unaijua kuliko mimi, lakini niache niandike yote kwa mpangilio, maana nataka uone nilivyoona mimi. Mwaka sitini na sita, mwezi wa nane. Kikombe cha fedha cha Meza ya Bwana kimepotea wiki tatu, funguo za kanisa unazo wewe, na watu wanakuangalia kwa pembeni. Mmisionari anakuja na mashine yake, tunaziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, tunatundika shuka mbele, na mimi nasimama kando ya shuka kutafsiri kwa Kinyakyusa. Jenereta inanguruma hadi maneno hayasikiki. Kwenye shuka, kule Ulaya, msalaba wa dhahabu umeibiwa katika jumba la tajiri, na wote wanamshuku bawabu kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo. Padri mfupi anazunguka na baiskeli akiuliza vitu vidogo vidogo. Mwishowe anasimama mbele ya watu wote wa lile jumba, anamwekea bawabu mkono begani, anasema maneno machache, na bawabu analia.

Na mimi nikatafsiri: “Ni wewe, mwenye funguo. Tubu.”

Unajua kilichofuata. Kanisa zima liligeuka kukutazama. Wengine walisimama. Mmisionari akaizima mashine, na mwisho wa sinema ile hakuna mtu wa Nkunga aliyewahi kuuona.

Sasa sikia. Juzi kwa Jaffari alikuwapo binti yake Yusra, amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anakinywa kama maji. Ilipofika pale pa mkono begani nikamuuliza, mjukuu wangu, padri anasemaje? Akanijibu bila hata kuacha kula karanga: “Anamwomba msamaha, babu. Anasema, nisamehe, tangu mwanzo nilijua si wewe.”

Nilitoka nje. Sikungoja iishe. Nilisimama kwenye mvua pale Kiwira kama ng'ombe aliyesahauliwa.

Ackson, sikukusudia. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na cha wimbo, na mengine nilikuwa nayabuni kwa kutazama picha, hilo nakiri leo. Nilichoona ni mchungaji amemwekea mtu mkono begani mbele ya watu, na mtu analia. Kwetu mkono huo huwekwa lini? Ni pale tu mtu aliyetengwa anapotubu ili arudishwe kundini. Sikujua kama kuna nchi ambako mchungaji ndiye anayetubu.

Nimekukosea sana. Niandikie hata neno moja.

Wako,
Anyelwisye

*

Mpanda
2 Mei 1993

Anyelwisye,

Barua yako imefika. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya sanduku la spana, ikakaa huko wiki tatu.

Unasahau kitu kimoja. Kabla sijashika funguo za kanisa nilipika miaka sita kwa mzungu wa shamba la chai. Kiingereza cha mezani nakijua. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mashine, sauti inakotoka, na alichosema padri nilikisikia vizuri. Nikasubiri ukiseme wewe. Ukasema kingine.

Sikudhani umekosea. Nilidhani umechagua. Mtu humkinga wa kwake, na mimi sikuwa na mke wala mtoto wa kuharibikiwa. Niliona ni afadhali iwe mimi. Ndiyo maana wazee waliponiita sikubishana nao, na waliponiambia nitubu nikakataa, na waliponitenga nikachukua blanketi langu nikaondoka. Kuna siku nilikuchukia, sitakudanganya. Siku nyingine nilisema hata mimi ningefanya hivyo.

Sasa unaniambia hukujua Kiingereza. Miaka yote ile unasimama mbele yetu na koti, unatafsiri! Sijui nicheke au nitupe nyundo.

Huku ni joto. Ndizi zinazouzwa hapa ni za kutia huruma. Kanisani huwa naenda lakini nakaa nje, chini ya dirisha, maana barua ya kunirudisha kundini sina.

Msalimie mkeo, Mama Lugano. Mwambie maziwa yake sijayasahau.

Ackson

*

Nkunga
6 Juni 1993

Ndugu yangu Ackson,

Ndaga fijo kwa barua. Hata ungenitukana ningeshukuru.

Kwanza nikupe habari ambayo naona Fred hakukupa. Atuganile, Mama Lugano wetu, hayupo. Alifariki mwaka themanini na nane, mwezi wa pili, kifua. Nimemzika upande wa juu wa migomba, pale penye jiwe ambapo tulikuwa tunachungia ndama mimi na wewe. Lugano yuko Mbozi, ni mwalimu, ana watoto wanne, anakuja Krismasi. Nyumbani niko peke yangu na ng'ombe mmoja mzee kama mimi. Jioni napika ndizi, na mpaka leo mkono wangu haujajifunza kupika za mtu mmoja. Nakula, nyingine nazitazama. Asubuhi nampelekea ng'ombe. Naona hata yeye amechoka kula kiporo changu.

Sasa hilo ulilosema. Mtu humkinga wa kwake. Nimkinge nani, nkamu? Nimelala na neno hili mwezi mzima. Nilikuwa na wa kwangu gani aliyehitaji kukingwa? Nieleze, maana huenda jibu ndilo dawa ninayoitafuta.

Nasema dawa kwa sababu nimekwenda kwa wazee wa kanisa. Niliwaeleza yote, ya padri, ya Yusra, ya Kiingereza changu. Walicheka kwanza, wakasema kumbe miaka yote tulikuwa tunasikiliza hadithi zako. Kisha nikawaomba wakufute katika daftari la waliotengwa. Mchungaji wetu ni kijana, anaitwa Obed, ana moyo mzuri, lakini mzee Yohane akasema kikombe hakikutoka chenyewe kwa miguu. Ackson alitengwa kwa sababu ya kikombe, si kwa sababu ya sinema. Aje atubu, au aliyekichukua ajulikane. Ndivyo utaratibu ulivyo na mimi mwenyewe nilisaidia kuutunga.

Unajua maana yake. Ukifa huko, hatutaruhusiwa kukupigia kengele. Wewe! Kengele ambayo uliipaka mafuta ya nguruwe kwa mkono wako kila mwezi.

Kwa hiyo kama uliona kitu mwaka ule, niambie. Aliyekichukua pengine amekwisha kufa. Nitalipeleka jina lake kwa wazee, nawe utarudi nyumbani na jina lako.

Nasubiri. Ninakwenda Tukuyu kila Alhamisi kuangalia posta, na yule karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Anyelwisye

*

Mpanda
11 Julai 1993

Ndugu yangu Anyelwisye,

Pole. Pole sana. Habari ya Mama Lugano nimeisoma nikiwa nimesimama ikabidi nikae kwenye gurudumu. Nilifunga kazi siku ile. Watu walidhani naumwa.

Usihangaike na neno nililoandika. Niliandika vibaya. Wa kwako nilimaanisha wazee wenzako, kanisa lako, wewe ukiwa mwinjilisti. Basi. Sikuona kitu chochote. Hakuna mtu niliyemwona. Pengine kikombe kilichukuliwa na mpita njia, siku zile mlango wa nyuma ulikuwa haufungiki vizuri, unakumbuka. Acha jambo hili. Nakuomba sana usiende tena kwa wazee.

Mimi nimezoea. Mtu akikaa nje ya dirisha miaka mingi anaona hewa ni nzuri zaidi kuliko ndani. Ninawasikia wanavyoimba, wanachelewa mdundo, nawarekebisha kwa kidole kwenye goti langu, hakuna anayejua.

Nitakwambia kitu kuhusu mkeo, kwa kuwa umebaki peke yako na ni vizuri uwe na cha kukumbuka. Wiki zile watu walipoacha kunisalimia, yeye aliniletea maziwa kila asubuhi. Hakuongea. Alikuwa anaweka kibuyu kwenye kizingiti anaondoka haraka. Na siku niliyohama alinifuata hadi njia panda ya kwenda Kyimo, amebeba ndizi za kuchoma kwenye jani. Alisimama pale analia, anataka kusema neno linakataa kutoka. Nilimwambia rudi nyumbani, mtoto anaumwa mguu, anakuhitaji. Alikuwa mwanamke mwema. Sijapata kuona mwema kumshinda, na usikubali mtu yeyote akwambie vinginevyo.

Lugano anatembea vizuri? Ule mguu ulipona kabisa? Niandikie habari zake. Na habari za mvua. Habari za kikombe basi.

Ackson

*

Nkunga
9 Septemba 1993

Ackson,

Umenificha. Hujui kusema uongo, hukujua hata tulipokuwa wadogo, ulikuwa unaongeza maneno. Mlango wa nyuma wa kanisa letu haukuwa na tatizo lolote. Wewe ndiye uliyekuwa unautunza.

Nilipata barua yako nikafurahi, niliisoma mara nyingi pale pa maziwa. Nikajiambia, Atuganile, kumbe ulikuwa na huruma hivi na hukuniambia. Wiki nzima niliishi na furaha hiyo. Kisha nikarudi kwa Jaffari. Nilitaka kuona mwisho wa sinema, basi, mwisho ambao tuliuzima mwaka ule. Jaffari alilalamika kwamba vijana watamkimbia, lakini akaiweka mchana wakati hakuna watu, na Yusra akakaa nami.

Baada ya kumwomba bawabu msamaha, padri anaenda bustanini nyuma ya jumba. Kuna mwanamke anachuma maharage. Ni mke wa bwana wa jumba, yule bwana anayepiga kelele sinema nzima kwamba mwizi akamatwe. Padri anamsaidia kuchuma, hawasemi kitu, kisha anamwambia ulete. Na yeye anauleta msalaba, umefungwa kwenye aproni. Padri anaurudisha mahali pake, hamwambii mtu. Bwana anashukuru Mungu kwa sauti, na mkewe amekaa kando yake mezani anamimina chai.

Nikamuuliza Yusra, huyu mume anaambiwa lini? Akasema: “Haambiwi, babu. Inaisha hajui.”

Nikacheka. Nilimcheka yule bwana, Ackson. Nikasema mjinga mkubwa huyu, kelele zote hizo na mwizi anakula naye. Nilipofika daraja la Kiwira kicheko kiliniishia.

Sikulala nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Kyimo kwa shemeji yangu Asajile. Nikamsalimia, nikanywa maziwa, nikamuuliza kama mtu anayepitisha muda: shemeji, ule mtamba uliompa dada yako mwaka sitini na sita, wakati Lugano anapelekwa Mbeya kupasuliwa mguu, ulikuwa wa rangi gani? Maana ndivyo Atuganile alivyoniambia, kwamba kaka yake ametoa mtamba, umeuzwa, mtoto aende hospitali. Asajile akanitazama. “Mtamba gani, shemeji? Mwaka ule ng'ombe wangu wote walikufa na homa.”

Nikamwambia nimechanganya miaka.

Na funguo za kanisa, Atuganile ulimpa wewe. Wiki ile ilikuwa zamu yake kufagia kanisa. Ulimwona, sivyo? Ukamwona anatoka na kitu chini ya kitenge, na ukajua mtoto ana mguu umevimba kama boga, na mimi baba yake niko vijijini nahubiri. Ukanyamaza. Halafu mimi nikasimama na koti langu mbele ya shuka nikakutangaza.

Nimekasirika. Namkasirikia yeye kwa kunipikia miaka ishirini na miwili bila kusema. Nakukasirikia wewe kwa wema ambao hukuniuliza kama nautaka. Mimi mwenyewe sina hata pa kuanzia. Nilikwenda kaburini nikataka kugomba, nikaishia kung'oa majani.

Wewe ulikuwa padri wa sinema ile na mimi nilikuwa bwana mwenye kelele. Nilikuwa natafsiri maisha yangu mwenyewe na sikuelewa hata sentensi moja.

Sasa nimeamua. Jumapili ya tarehe tatu Oktoba tuna Meza ya Bwana. Nitasimama mbele ya watu. Nimechelewa miaka ishirini na saba, sitaki kuchelewa Jumapili nyingine.

Anyelwisye

*

SIMU YA MAANDISHI
Imetumwa kutoka Mpanda, 1 Oktoba 1993
Kwa: Anyelwisye, Nkunga, kupitia Posta Tukuyu

USIMTAJE MAMA LUGANO. NAKUJA MWENYEWE. NITATUBU MIMI. NGOJA. ACKSON

*

Nkunga
10 Oktoba 1993

Ndugu yangu Ackson,

Simu yako ililetwa Jumanne na yule karani wa posta mwenyewe, kwa baiskeli, akiwa amelowa. Alidhani kuna msiba. Ilikuwa imechelewa siku mbili.

Nimecheka mpaka chai ikapoa. Mzee wa miaka sitini na sita usafiri siku nne kuja kukiri wizi ambao hukuufanya! Na ungeweza, nakujua. Ungesimama pale na uso wako huo wa mbao, na wazee wangeamini.

Sikumtaja. Tulia.

Nitakueleza ilivyokuwa. Usiku ule wa kuamkia Jumapili nilikuwa na maneno yote tayari na jina lake lilikuwamo. Asubuhi nilipokuwa navaa nikaona kitenge chake kwenye msumari. Hakijawahi kutolewa pale. Nikafikiri, yeye alimtoa mtoto kwenye mauti, na mimi nitamtoa yeye kaburini nimweke mbele ya mzee Yohane? Na Lugano anayetembea kwa mguu ule, nimwambie mguu wako ni kikombe cha Bwana? Lakini nikinyamaza, wewe unabaki mwizi. Nilitembea hadi kanisani bila kujua nitasema nini.

Kabla ya Meza, Obed akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasema: “Mwaka sitini na sita kikombe kilitoka katika kanisa hili kwa mkono wa nyumba yangu. Ackson hakukigusa. Alitengwa kwa ajili yetu na alijua, akanyamaza. Namwomba msamaha mbele yenu.”

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mzee Yohane akasimama na fimbo yake. “Nyumba yako, ndiyo. Lakini ni nani katika nyumba yako?”

Nikamjibu: “Nyumba yangu ina mtu mmoja, mzee. Unamwona.”

Sikusema uongo. Jihesabie mwenyewe.

Obed akashuka kutoka madhabahuni. Ni mrefu yule kijana, ilibidi ainame. Akaniwekea mkono begani. Nikalia, Ackson, nililia kama sikulia kwenye msiba. Na nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, kumbe ni yeye. Sikugeuka. Angejuaje? Aliona mkono begani na mtu analia, akasoma kama nilivyosoma mimi.

Jina lako limefutwa daftarini siku hiyo hiyo, mbele ya watu, na barua yako ya kurudishwa kundini nimeiambatanisha humu, ina muhuri. Unaweza kuingia kanisa lolote na kukaa mbele. Mimi nimetengwa hadi Pasaka. Nakaa benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa, karibu na mlango. Kamba ya kengele inaning'inia usawa wa sikio langu. Anayeipiga sasa ni fundi cherehani, ana haraka, anaivuta kama anafukuza kuku. Hapumziki kabisa.

Lililobaki ni gumu kidogo kuliandika. Habari zilifika Mbozi. Lugano alikuja Ijumaa, hakukaa. Alisimama mlangoni akaniuliza: “Baba, ni kweli?” Nikamwangalia mguu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini, na mama alijua? Nikasema mama yako hakujua kitu. Ameondoka bila kunywa chai. Kasema Krismasi mwaka huu watakwenda kwa wakwe zake.

Basi. Ndivyo ilivyo. Sijutii, ila nyumba imekuwa kubwa. Watu wanapita barabarani wananisalimia harakaharaka. Hakuna wa kuniletea maziwa, na ng'ombe wangu ameacha kutoa. Ndipo ninapojua asubuhi zako za mwaka ule zilikuwaje.

Sikuombi uje. Nimekuandikia ili uwe na barua yako.

Wako,
Anyelwisye

*

Mpanda
31 Oktoba 1993

Ndugu yangu,

Barua yenye muhuri nimeipata. Jumapili iliyopita niliipeleka kanisani, wakaniingiza ndani, wakanikalisha mbele na wakapiga makofi. Sikupapenda. Kutoka mbele huwezi kusikia wanavyochelewa mdundo.

Fred anaondoka huku tarehe ishirini na tano Novemba na lori tupu. Nimemwambia nafasi ya mbele ni yangu. Spana na nyundo nimempa jirani. Nimebaki na blanketi, ni jipya, lile la kwanza liliisha.

Lugano akija, mimi nitamwambia habari za mvua tu. Siku akiuliza mwenyewe kwa nini mama yake aliniletea maziwa, tutaona, ila si mwaka huu. Akitaka kujua mimi ni nani, mwambie ni yule aliyekuwa akipiga kengele.

Mwambie fundi cherehani aniachie kamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Desemba. Na usiniwekee nafasi mbele. Anayepiga kengele hukaa nyuma, kwenye lile benchi la mlangoni, umesahau? Ndipo nilipokaa miaka kumi na moja, kabla hata sijatengwa. Sogea kidogo tu.

Usichinje kitu. Pika ndizi kama unavyopika siku zote.

Ackson